Mji uliojengwa na vita, ukabebwa na maji

*Marekani iliwaleta wafanyakazi Vanport, Oregon, kwa treni waje waunde meli za kuishinda Ujerumani na Japani. Amani iliporudi, wengi hawakuwa na kazi tena, wala mahali pa kwenda.*

JUMAPILI ya Mei 30, 1948, jua lilikuwa zuri Vanport. Ilikuwa siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, na familia nyingi zilikuwa zimetoka, wengine kupeleka maua makaburini, wengine kutembelea ndugu. Waliobaki walikuwa wameokota asubuhi karatasi mlangoni.

Karatasi ile ilitoka kwa Mamlaka ya Nyumba ya Portland, ambayo ndiyo iliyokuwa mwenye nyumba wa mji mzima. Iliwaambia wapangaji kwamba matuta yanayouzuia mto Columbia ni salama kwa sasa, kwamba ikibidi wataonywa, kwamba watapata muda wa kuondoka, na kwamba wasihamaki.

Saa 10 na dakika 17 jioni, tuta la reli upande wa magharibi likapasuka.

Mwanya uliokuwa wa futi chache ukatanuka mpaka futi 500. Nyumba za Vanport zilikuwa za mbao, zimekaa juu ya misingi ya mbao. Maji yalipofika ziliinuka, zikaelea, zikaanza kugongana kama mitumbwi iliyokatika kamba. Vijito na madimbwi yaliyokuwa kati ya tuta na makazi yalimeza maji ya mwanzo, na hilo likawapa watu kama nusu saa ya kukimbia. Bila nusu saa hiyo tungekuwa tunahesabu maiti kwa mamia.

Kabla giza halijaingia, mji wa watu 18,500 ulikuwa ziwa. Watu 15 walikufa. Theluthi moja ya waliopoteza makazi walikuwa Wamarekani Weusi, katika jimbo ambalo miaka michache nyuma karibu halikuwa na Weusi kabisa.

Watu wa Vanport hawakwenda Oregon kwa bahati nasibu. Waliitwa. Mafundi, wakulima, watumishi wa ndani, wanawake waliokuwa hawajawahi kushika chuma, wote waliambiwa taifa linawahitaji. Makala haya yanauliza jambo moja: nchi ikiwaita watu kwa haraka waje waitengenezee zana za vita, ina deni gani kwao siku kazi inapokwisha?

Meli ya siku kumi

Henry Kaiser hakuwa mtu wa bahari. Alikuwa mkandarasi wa barabara na mabwawa, mmoja wa waliojenga bwawa la Hoover. Vita ilipopamba moto na nyambizi za Ujerumani zikawa zinazamisha meli za mizigo katika Atlantiki, Kaiser aliona kwamba tatizo la meli ni kama tatizo la bwawa: vifaa, watu wengi, na mpango mzuri wa kazi.

Msomaji wa pwani anajua chombo kinavyoundwa. Mkuku hulazwa, mataruma husimamishwa, mbao hufuata moja baada ya nyingine, na fundi mkuu huijua kazi yote tangu omo hadi tezi. Kaiser aliivunja desturi hiyo. Vipande vizima vya meli, vingine vizito kama nyumba, viliundwa kando, kreni ikaja kuvibeba na kuvishusha kwenye chelezo, kisha vikachomelewa pamoja.

Kuchomelea ndiko kulikobadilisha kila kitu. Zamani mabamba ya chuma yaliunganishwa kwa ribiti, kazi ya kikosi cha wanaume wenye nguvu na uzoefu wa miaka. Mchomeleaji wa kipande kimoja, mshono mmoja, angeweza kufunzwa kwa wiki chache tu. Ndipo mlango ulipofunguka kwa yule aliyekuwa akiuza katika duka la nguo, akifua nguo za matajiri, au akilima pamba kusini.

Septemba 23, 1942, karakana ya Oregon Shipbuilding mjini Portland ilishusha majini meli Joseph N. Teal siku 10 tu tangu mkuku wake ulazwe. Rais Franklin Roosevelt alikuwapo akitazama, na binti yake Anna ndiye aliyevunja chupa kwenye omo. Miezi miwili baadaye karakana nyingine ya Kaiser, ya Richmond, California, ikaipita rekodi hiyo: Robert E. Peary iliteremka baada ya siku 4 na saa 15.

Rekodi hizo zilikuwa za kuonyesha umahiri na kuwatia watu moyo, meli za kawaida zilichukua muda mrefu zaidi. Hata hivyo nchi nzima iliunda meli 2,710 za aina hiyo, zilizoitwa Liberty, na hakuna adui aliyeweza kuzamisha kwa kasi waliyoundia.

*Mchomeleaji wa mshono mmoja angeweza kufunzwa kwa wiki chache. Ndipo mlango ulipofunguka.*

Haraka ilikuwa na gharama yake. Usiku wa Januari 16, 1943, meli ya mafuta Schenectady, iliyoundwa Swan Island, Portland, ilikuwa imefungwa gatini, maji yametulia. Ikapasuka katikati kwa kishindo kilichosikika zaidi ya maili moja. Baridi ilikifanya chuma kile kiwe kama kigae, na katika meli iliyochomelewa ufa ukianza hauna pa kukomea. Meli hiyo ilitengenezwa ikarudi kazini. Ila wafanyakazi wa karakana walijua kwamba mshono mbaya wa mkono wao unaweza kumuua baharia asiyewajua.

Karibu na mabanda ya mifugo

Karakana tatu za Kaiser, mbili Portland na moja ng'ambo ya mto mjini Vancouver, jimbo la Washington, ziliajiri karibu watu 100,000 kazi ilipopamba moto. Watu hao hawakuwapo Portland. Mawakala wa Kaiser walikwenda kuwatafuta mpaka New York, wakawapakia kwenye treni maalumu zilizovuka bara zima.

Walipofika, pa kulala hapakuwapo. Watu walilala ndani ya magari na kwenye mahema. Viongozi wa mji walikuwa wakijivuta. Wenye majumba hawakutaka nyumba nyingi za serikali zije kushusha kodi, na wengine walisema wazi kwamba hawataki watu wa aina ile wakae kwa kudumu. Kaiser akawapita. Alikwenda mji mkuu, Washington, akasaini mkataba na serikali kuu, na mwaka 1942 haujaisha wapangaji wa kwanza walikuwa wanaingia.

Eneo lililochaguliwa lilikuwa ekari 650 za bonde la mto, chini kuliko mto wenyewe unapofurika, limezungushiwa matuta pande zote. Nyumba za familia zilikaribia 10,000. Jina liliunganishwa kutoka miji miwili, Vancouver na Portland. Kwa muda mfupi Vanport ilikuwa na zaidi ya watu 40,000, ikawa mji wa pili kwa ukubwa katika Oregon na mradi mkubwa kuliko yote ya nyumba za wafanyakazi wa vita nchini Marekani.

Kuna jambo ambalo picha za sherehe za miaka ile hazilionyeshi. Jirani kabisa na eneo hilo kulikuwa na ukumbi wa maonyesho ya mifugo. Kati ya Mei na Septemba 1942, serikali ilifunga humo zaidi ya watu 3,500 wenye asili ya Japani, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, kabla ya kuwapeleka kambini bara. Vibanda vya ng'ombe viliwekewa sakafu ya mbao wakalazwa humo. Wa mwisho waliondolewa wakati kazi ya kujenga Vanport inaanza.

Kwa hiyo katika mwaka mmoja, mahali pamoja, taifa moja lilikuwa linawatoa raia wake kwa treni na kuwaleta wengine kwa treni.

Kimya, mama amelala

Kazi ilikwenda zamu tatu, mchana na usiku. Hilo pekee liliugeuza mji. Saa tisa usiku ilikuwa kama saa tisa alasiri: mtu anatoka, mtu anaingia, mtu anapika. Kuta zilikuwa nyembamba, na aliyerudi kutoka zamu ya usiku alihitaji kulala wakati watoto wa jirani wanacheza nje. Kuwanyamazisha watoto ilikuwa kazi ya kila siku.

Nyumba zenyewe zilikuwa ndogo, zimepangwa kwa safu, zinafanana. Jiko dogo la umeme, sanduku la barafu badala ya jokofu, fanicha za mwenye nyumba. Lakini mji ulikuwa na shule, maktaba, zahanati yenye vitanda, sinema, zimamoto na posta. Kwa familia iliyotoka kwenye kibanda cha wakulima wa pamba Arkansas au Louisiana, bomba la maji ndani ya nyumba halikuwa jambo dogo.

Pesa ilikuwepo pia. Fundi aliyehitimu katika karakana za pwani ya Pasifiki alilipwa dola 1.20 kwa saa, na mwanamke aliyefikia daraja hilo alilipwa sawa na mwanamume. Mtumishi wa ndani alikuwa akifanya kazi siku nzima kupata kiasi kama hicho au pungufu yake.

Tatizo likawa vitu vya kununua. Sukari iliingia kwenye mgawo Mei 1942, kahawa Novemba mwaka huo, viatu Februari 1943, nyama, siagi na jibini Machi. Mama alikwenda dukani na pesa mkononi na kitabu cha kuponi kwenye mkoba, na bila kuponi pesa haikusaidia. Mwendo wa magari uliwekewa kikomo cha maili 35 kwa saa nchi nzima, hasa kuokoa matairi, kwa sababu Japani ilikuwa imeyateka mashamba ya mpira ya Malaya na visiwa vya jirani. Vipande vya ardhi nyuma ya nyumba vikalimwa nyanya na kabichi.

Uhaba huo ulifika hadi kwetu. Ufilipino ilipotekwa, meli za Washirika zilipoteza katani ya Manila iliyokuwa ikisokotewa kamba, na macho yakageukia mkonge wa Tanganyika. Serikali ya kikoloni iliandikisha watu kwa lazima wakakate mkonge, wakachanganyika na manamba waliokuwa tayari mashambani. Mfanyakazi wa Portland na manamba wa Tanganyika hawakujuana. Walikuwa katika mnyororo mmoja wa vita, na aliyekuwa mwisho wa mnyororo hakulipwa dola 1.20.

Watoto waliowaona mama zao dirishani

Kufikia 1944, zaidi ya robo ya wafanyakazi wa karakana za Kaiser za Portland walikuwa wanawake. Wengi walikuwa na watoto wadogo. Nani alee?

Serikali kuu ilitoa pesa za kuendesha vituo vya kulelea watoto katika miji ya viwanda. Lakini ndani ya serikali hiyo hiyo kulikuwa na ubishi mkali. Maofisa waliosimamia ustawi wa watoto waliamini kwamba mahali pa mama mwenye mtoto mchanga ni nyumbani, vita au hakuna vita. Makanisa mengi yalisema vivyo hivyo. Wasimamizi wa uzalishaji walikuwa na hesabu nyingine mezani: mama asiyefika kazini ni mshono usiochomelewa.

Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alisimama upande wa akina mama. Aprili 1943 alikwenda Vancouver kuipa jina manowari ya kubebea ndege iliyoundwa na Kaiser, na alikuwa akishinikiza jambo hili la watoto. Novemba mwaka huo vituo viwili vikafunguliwa, kimoja Swan Island na kingine Oregon Shipbuilding, vimejengwa langoni mwa karakana kabisa ili mama asizunguke mji mzima na mtoto mgongoni.

Niseme wazi: sijaona katika historia ya viwanda jambo lililofikiriwa vizuri kuliko vituo hivi. Jengo lilikuwa la mviringo, vyumba 15 vimezunguka ua wenye bwawa dogo la kuchezea maji. Madirisha yalielekea karakana ili mtoto aone anakofanya kazi mama yake. Mabeseni ya kuogea yaliinuliwa ili mlezi asiumwe mgongo. Walezi walikuwa wamesomea malezi vyuoni, chini ya uongozi wa mtaalamu Lois Meek Stolz. Vituo vilipokea watoto wa miezi 18 hadi miaka 6, saa zote 24, siku zote za mwaka isipokuwa Krismasi. Mtoto aliyeugua kidogo alikuwa na chumba chake na muuguzi.

Na jioni, au alfajiri kutegemea zamu, mama aliweza kununua chakula kilichokwisha kupikwa na kukibeba nyumbani pamoja na mtoto wake.

*Madirisha yalielekea karakana ili mtoto aone anakofanya kazi mama yake.*

Watoto karibu 4,000 walipita katika vituo hivyo viwili. Mwaka 1945, kazi ya meli ilipokatika, vilifungwa. Pesa za serikali kuu kwa vituo vingine nchini zilikoma mwaka uliofuata, licha ya barua na maandamano ya akina mama katika miji mingi. Marekani haijawahi tena kuwa na mpango wa namna ile kwa wafanyakazi wake wote. Ninaona hilo ni kosa, na wanawake wa nchi ile wanalilipia hadi leo.

Ada ile ile, bila kura

Ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa chama cha wafanyakazi.

Portland ilikuwa na Weusi wasiofika 2,000 mwaka 1940. Haikuwa ajali. Sheria za Oregon za karne ya 19 ziliwakataza Weusi kuishi humo, na kifungu hicho kilikaa ndani ya katiba ya jimbo mpaka 1926. Mwaka 1919 chama cha madalali wa nyumba wa Portland kiliamua kwamba ni kinyume cha maadili ya kazi kumuuzia Mweusi nyumba katika mtaa wa Wazungu. Kwenye mji huo ndipo treni za Kaiser zilipoanza kushusha Weusi kwa maelfu.

Mkataba wa karakana ulisema hakuna anayefanya kazi bila kuwa mwanachama. Kazi nyingi za chuma zilikuwa chini ya chama cha Boilermakers, tawi namba 72. Chama hicho hakikumpokea Mweusi. Kilimfungulia tawi la pembeni, akatozwa ada ile ile, bila kura katika maamuzi ya chama na bila mwakilishi wake mezani. Wanawake Weusi waliofika na vyeti vya ufundi wa mashine walijikuta wakipewa ufagio.

Julai 1943, wafanyakazi Weusi waliokataa kulilipa tawi hilo la pembeni waliachishwa kazi kwa mamia, katikati ya vita ambayo kila bango lilidai mikono zaidi. Waliunda umoja wao, Shipyard Negro Organization for Victory, wakapeleka malalamiko Washington.

Inafaa kusikiliza kila upande ulivyojieleza. Viongozi wa tawi namba 72 walisema wanafuata katiba ya chama cha kitaifa, hawana mamlaka ya kuibadilisha. Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na hofu ya kweli. Wazungu wengi waliokuwa karakana walikumbuka miaka ya 1930, foleni za supu na mwaka mzima bila kibarua, na waliamini vita ikiisha kazi zitakuwa chache na wagombea wengi. Hofu yao ilikuwa na msingi. Dawa waliyoichagua, ya kumfungia nje jirani yao, haikuwa na msingi wowote wa haki.

Kampuni nayo ilisema mikono yake imefungwa na mkataba. Kaiser alitaka wafanyakazi, rangi yoyote, lakini hakutaka mgomo.

Serikali kuu ilikuwa na amri yake. Juni 25, 1941, baada ya A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa treni, kutishia kuwaingiza Weusi kwa maelfu katika maandamano ya Washington, Rais Roosevelt alipiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya ulinzi. Tume ya kusimamia amri hiyo ilifika Portland Novemba 1943, ikasikiliza ushahidi, ikaamua kwamba matawi ya pembeni ni ubaguzi na yakome. Chama kikagoma kutii. Tume haikuwa na meno.

Mahakama ndizo zilizouma. Mwishoni mwa 1944, Mahakama Kuu ya California ilimpa ushindi Joseph James, mchomeleaji Mweusi wa karakana ya Marinship karibu na San Francisco. Chama, mahakama ilisema, hakiwezi kujifungia kazi zote kwa mkataba na wakati huo huo kuwanyima watu uanachama kamili. Ilikuwa hukumu kubwa. Miezi minane baadaye vita ikaisha, na kazi zenyewe zikaisha nayo.

Wageni waliokataa kuondoka

Agosti 1945 nchi nzima ilicheza barabarani. Portland ilicheza, kisha karakana zikaanza kutoa barua za kuachishwa.

Wanawake walitangulia. Waliambiwa wamefanya vizuri, sasa wawapishe askari wanaorudi. Wengi walikuwa wajane au wakitegemewa na wazazi, na hawakuwa na mume wa kurudi kutoka popote. Weusi walifuata. Vyama vilivyowavumilia kwa shingo upande wakati wa dharura sasa havikuwa na sababu ya kuwatetea.

Wazungu wengi wa Vanport walihama, ama kurudi makwao, ama kuingia mitaa mingine ya Portland. Weusi hawakuwa na mitaa mingine isipokuwa Albina, kipande kidogo cha mji kilichokwisha kujaa. Kwa hiyo walibaki Vanport, na kadiri Wazungu walivyotoka, ndivyo magazeti na wanasiasa walivyoanza kuuita mji ule kitongoji kibovu cha uhalifu. Viongozi wa Portland walikuwa wakizungumza hadharani namna ya kuubomoa.

Mji wenyewe haukuwa ukifa. Wajapani-Wamarekani waliotoka kambini walipata nyumba humo. Maveterani walifika na familia zao kutafuta kodi nafuu, na mwaka 1946 Stephen Epler aliwafungulia chuo ndani ya majengo ya Vanport. Shule za mji hazikuwatenga watoto kwa rangi, na walimu Weusi wa Vanport walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuajiriwa katika Oregon. Mamlaka ya Nyumba iliwapanga Weusi kwenye barabara zao mbali na Wazungu, lakini darasani watoto walikaa benchi moja. Hilo Portland yenyewe haikuwa imelizoea.

*Kadiri Wazungu walivyotoka, ndivyo Vanport ilivyoanza kuitwa kitongoji kibovu.*

Ndipo ikaja theluji nyingi ya milimani, mvua ya Mei, na mto Columbia uliopanda siku baada ya siku.

Mamlaka ya Nyumba ilijua mto umepanda. Kabla ya Jumapili ile ilikwisha kuhamisha nyaraka na vifaa vyake, na farasi wa uwanja wa mashindano wa jirani walikwisha kuondolewa. Wapangaji ndio walioachiwa karatasi ya kuwatuliza. Sina namna ya kulilainisha jambo hili.

Usiku ule watu wa Portland, Weusi na Wazungu, walifungua milango yao wakawapokea waliookoka. Familia za Albina zilizokuwa zimebanana zilibanana zaidi. Mapadri, wachungaji na Msalaba Mwekundu walifanya kazi usiku kucha. Ukarimu ule ni sehemu ya historia hii na si haki kuusahau.

Lakini ukarimu wa majirani hauwezi kubadilisha ramani ya madalali. Weusi wa Vanport walielekezwa Albina, na hata huko wengi hawakuachwa watulie. Uwanja wa michezo wa Memorial Coliseum, uliofunguliwa 1960, ulijengwa juu ya mamia ya nyumba zao. Barabara kuu ya kaskazini na kusini ikafuata katika miaka ile ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyumba nyingine nyingi zikavunjwa kupisha upanuzi wa hospitali ya Emanuel, pesa za serikali zikakatika, na viwanja vikabaki vitupu kwa miongo. Kuna familia zilizohamishwa na maji, kisha na uwanja, kisha na hospitali.

Bango la wiki mbili

Ulimwengu unaikumbuka kazi ya viwanda vya vita kwa picha moja: mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani, amekunja mkono, msuli umetuna. Bango hilo lilichorwa na J. Howard Miller mwaka 1943 kwa ajili ya kampuni ya Westinghouse, likatundikwa kwenye kuta za viwanda vyake kwa wiki mbili hivi, likaondolewa. Umaarufu wake ulikuja katika miaka ya 1980. Leo liko kwenye vikombe na fulana kila pembe ya dunia.

Ni picha nzuri. Haisemi alikwenda wapi yule mwanamke mwaka 1945.

Oregon ilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi kazini mwaka 1949, na wapiganaji wake walikuwa haohao waliobishana na tawi namba 72. Chuo cha Vanport kilinusurika. Kilihamia katika jengo la zamani la karakana ya meli, kisha katikati ya mji, na leo ndicho Chuo Kikuu cha Jimbo la Portland. Maneno ya kibaguzi yaliyosalia katika katiba ya Oregon yaliondolewa kwa kura ya wananchi mwaka 2002.

Wapangaji wa Vanport walikwenda mahakamani kuidai serikali fidia. Walishindwa, na rufaa ikashindwa. Mji haukujengwa upya. Mahali pake sasa pana uwanja wa gofu, njia ya mashindano ya magari, viwanja vya michezo na kituo cha treni chenye jina lake.

Waliokuwa watoto wadogo siku ile ya Mei 1948 leo wamevuka miaka 75, wengine 80 na ushee. Huko Portland wapo wanaowakusanya kila Mei wasimulie, na sauti zao zinarekodiwa. Kazi hiyo inatuhusu na sisi. Kama nyumbani kwenu yupo mzee ambaye wazazi wake walimsimulia habari za manamba wa mkonge wa miaka ile ya vita, kaa naye wiki hii, na kalamu mkononi.